Je, Wajua? Ngozi za Ndama Zilizohifadhi Elimu ya Iceland

Je, wajua ya kwamba miongoni mwa hati za kale za Iceland, zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama, zimo kurasa zilizokatwa ziwe kigezo cha kushonea kizibao, na nyingine zilizotiwa ndani ya kofia ya askofu ili isimame wima, kwa kuwa watu walikwisha kuisahau thamani yake?

Aliyezinusuru ni Árni Magnússon, mwanachuoni wa Iceland aliyezaliwa mwaka 1663, ambaye, alipotumwa na mfalme wa Denmark kuandikisha mashamba ya kisiwa hicho tangu 1702 hadi 1712, aliulizia kila kipande cha ngozi chenye maandishi, hata kiwe kidogo namna gani, akakinunua au akakiomba.

Moto ulipoteketeza sehemu kubwa ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark alikoziweka, mwaka 1728, vitabu vyake vingi vya chapa viliungua, lakini hati nyingi za ngozi zilisalimika. Naye, kabla ya kufariki mwaka 1730, aliziusia Chuo Kikuu cha mji huo.

Tarehe 21 Aprili 1971 Denmark ilianza kuirejeshea Iceland hati zake za kale, na umati ulijaa bandarini Reykjavík kuipokea meli iliyoleta hati mbili za kwanza. Kazi hiyo ilitimia mwaka 1997. Leo hazina ya Árni imegawanyika baina ya miji hiyo miwili, na tangu 2009 imo katika daftari la UNESCO la Kumbukumbu ya Dunia.

Hakika, aokotaye ukurasa uliodharauliwa huenda ameokota roho ya taifa.