Konokono Alaye Wenziwe: Mtazame Gamba



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alileta ofisini kopo la konokono aliowaokota katika kitalu chake cha mikarafuu, akitaka dawa ya kuwaulia. Tulipowamwaga juu ya gazeti tukaona mchanganyiko: wengi ni watoto wa yule konokono mkubwa alaye miche usiku, na watatu ni walaji wa konokono. Alikuwa karibu kumwua mlinzi pamoja na mwizi. Nami nilikwisha fanya hivyo zamani, sitaki kujificha.

Konokono mkubwa si shida kumjua. Gamba lake limechongoka, lina michirizi ya hudhurungi. Mtoto wake ni mviringo zaidi, lakini gamba limesimama sawa.

Mla nyama wa jamii ya Gonaxis ni mdogo, kadiri ya ukucha wa kidole gumba, gamba jeupe au lenye kupitisha mwanga, wala halina michirizi. Alama yake kubwa ni upogo: mzunguko wa mwisho umevutwa upande, kama kofia iliyovaliwa kombo. Mshike kwa vidole viwili, umgeuze polepole, utaona. Jamaa zake Gulella ni wadogo zaidi, wengine kama punje ya mpunga. Hao chungulia mdomo wa gamba, mara nyingi utakuta vijino. Hivyo havitafuni kitu. Meno ya kulia yamo ulimini. Usidanganyike na yule mwembamba kama sindano, mwenye mizunguko mingi iliyonyoka. Huyo si mla nyama.

Gonaxis kibweziensis, mwenye jina la Kibwezi ya Kenya, alipelekwa kisiwa cha Agiguan, Pasifiki, mwaka 1950, kisha Hawaii 1952, ili amle konokono mkubwa. Hakummaliza. Mwaka 1955 Hawaii wakamleta Euglandina rosea wa Florida, naye akawageukia konokono wenyeji. Huko Moorea aliingizwa 1977, na haikupita miaka kumi na mitano konokono Partula wa kisiwa kile karibu wote wakatoweka porini. Basi mtu akikushauri uagize konokono wa ng'ambo, mkatalie.

Wakubwa waokote jioni baada ya mvua, mkono umeufunika kwa mfuko wa nailoni, kwani huweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, nao humdhuru mtu ubongo. Wenye upogo waache chini ya majani makavu. Mwenye shaka alete gamba tupu ofisini, asilete kopo zima.