Kibao cha kijani nyuma ya kitambaa

Jumamosi moja nilialikwa harusini kwenye ukumbi mmoja wa Dar es Salaam. Mpambaji alikuwa ameutendea haki: vitambaa vyeupe kutoka darini hadi sakafuni, maua, taa ndogondogo. Mimi hukagua usalama wa majengo, na macho yangu hutafuta mlango wa dharura kabla ya meza ya chakula. Niliuona kwa bahati tu. Mwanga hafifu wa kijani ulikuwa ukipenya kwenye kitambaa, kando ya jukwaa la maharusi.

Binadamu akishikwa na hofu hurudi alikoingilia. Mwaka 2003 klabu ya Station huko Rhode Island, Marekani, iliungua wakafa watu 100. Wengi walikimbilia mlango wa mbele wakabanana hapo, ilhali jengo lilikuwa na milango mingine. Ndiyo maana alama ya kutokea huwekwa kwa ajili ya mgeni, si mfanyakazi anayelijua jengo. Kabla ya kupiga msumari, kaa kwenye kiti kibaya kuliko vyote ukumbini, kile cha nyuma ya nguzo, utazame. Usipoiona kutoka hapo, tafuta mahali pengine au ongeza nyingine.

Ukubwa una hesabu yake. Kibao kinachomulikwa na taa za chumba, gawanya umbali kwa 100: mita 20 zinataka kimo cha sentimita 20. Chenye taa ndani yake huonekana mbali mara mbili ya hapo. Kuhusu mchoro, mimi huchagua yule mtu wa kijani anayekimbilia mlangoni, aliyebuniwa na Mjapani Yukio Ota. Bibi aliyekuja mjini kumuuguza mjukuu wake humwelewa bila kusoma neno la Kiingereza.

Kosa ninalolikuta kila mara ni alama kubandikwa kwenye mlango wenyewe. Mlango ukifunguliwa na kuegemezwa ukutani, alama imekwenda nao! Iweke juu ya fremu, mita 2 hadi 2.5 kutoka sakafuni, na nyingine yenye mshale kila korido inapokata kona. Kwa kuwa moshi hutanda kwanza darini, kwenye korido ndefu ongeza alama za chini, karibu na sakafu, ambazo mtu anayetambaa atazifuata.

Halafu kuna umeme. Kibao cha taa kiwe na betri yake; kuitegemea jenereta pekee ni hatari. Zima swichi kuu usiku mmoja uone kitakachobaki kinawaka. Vile vibao vinavyong'aa gizani bila umeme ni vizuri, ila hushiba mwanga kwanza. Ukumbi wenye taa zilizofifishwa jioni nzima hauvishibishi.

Harusini pale nilimwita mwenye ukumbi pembeni. Mpambaji alikuja na pini zake, akakisogeza kitambaa kwa dakika tano, na pambo halikuharibika hata kidogo. Nyuma yake tukakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, na mlinzi alikuwa jikoni anakula. Tulimsubiri dakika saba kwa saa yangu, huku watu mia nne wakicheza. Kufuli lile niliondoka nalo mfukoni.