KISA KIMOJA KILA ASUBUHI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama watoto unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Asubuhi ya leo kapita alisema: "Vaeni maski!" Ulisikia? Ulisikia. Uliivaa? Jibu unalo mwenyewe. Pengine ilikuwa inaning'inia shingoni kwa sababu ya joto. Amri hiyo umeisikia mara elfu, na sikio limeizoea kama linavyozoea kelele za mashine.

Basi leo tuzungumze juu ya dawa nyingine: kisa kifupi, kila siku, kinachomfanya mtu ajiulize mwenyewe. Dawa hii si ngeni. Wazee wetu waliijua.

Chini ya mlima Ruwenzori, upande wa Beni, kuko Mutwanga, pale mto Butahu unaposhuka na maji yake ya baridi. Katika nchi hiyo ya Wanande, watu walikutana jioni katika ekyaghanda, yaani banda la mazungumzo lenye moto. Mlafi hakutajwa jina. Mzee alisimulia kisa cha mnyama mlafi, kisha akanyamaza akichochea moto. Mlafi aliyeketi pale alijitambua. Hakuna aliyemnyoshea kidole, naye hakuwa na mtu wa kugombana naye ila nafsi yake.

Watu wa huko waliona pia nguvu ya kisa cha kweli wakati wa shida. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia upande wa Beni. Ilifika Butembo na Mutwanga, ikaenda hata Ituri, na mpaka mwisho wake ulipotangazwa, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 2.200. Mwanzoni wengi walikataa mashauri. Walinong'ona kwamba ugonjwa ule ni biashara ya wakubwa. Lakini wako waliougua wakapona. Wengine wao walichukua kazi ya kulea watoto ambao mama zao walilazwa. Mtu wa namna hiyo akikaa mbele ya jirani zake na kusema, "Mimi niliugua, nikatunzwa, tazameni niko hapa," hahitaji kupaza sauti.

Tanzania nako walijaribu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa kuigiza, Twende na Wakati, juu ya UKIMWI na uzazi wa mpango. Kwa miaka miwili ya kwanza haukutangazwa Dodoma, ili wataalamu wapate kulinganisha. Ilionekana kwamba mahali uliposikilizwa, watu walioanza kupanga uzazi waliongezeka kuliko Dodoma. Mume na mke walisikiliza mambo ya watu wa kwenye mchezo, kisha wakazungumza mambo yao wenyewe.

Sasa turudi kazini kwetu. Sikiliza kisa hiki, hakipiti dakika moja:

"Siku moja nilikuwa na haraka. Baruti ilikwisha kulipuka, na mimi sikugonga dari kwa mtarimbo. Nilisema: jana lilikuwa imara. Kiu ikanishika, nikaenda kunywa maji. Nyuma yangu jiwe likaanguka palepale nilipokuwa nimesimama. Kiu ndiyo iliyoniponya, si akili yangu. Wewe leo utagonga dari, au utangoja kiu?"

Na hiki ni cha nyumbani:

"Baba alirudi na nguo za kazi. Mtoto alimkimbilia, akamkumbatia, akaficha uso kifuani pake. Alipoinua uso, ulikuwa mweupe kwa vumbi. Wote wakacheka. Mama peke yake hakucheka."

Mama huyo alikuwa na haki. Vumbi laini la mawe likiingia kifuani mwaka kwa mwaka hufanya makovu katika mapafu. Makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa, nayo humfungulia kifua kikuu mlango. Mwamba utoboloewe kwa maji, maski ikae puani, na nguo za kazi zibaki kazini.

Ukitaka kuanza katika timu yako, shika mambo haya:

1. Kisa kiwe kimoja tu kwa siku, kabla ya zamu. Kisipite dakika mbili.

2. Kiwe cha kweli. Afadhali usimulie kosa lako mwenyewe. Kapita anayekiri kosa lake husikilizwa kuliko yule asiyekosa kamwe.

3. Usimtaje mwenzako. Mtu aliyeaibishwa mbele ya watu atajitetea, hatajirekebisha, na kesho ataficha ajali ndogo ambayo ingetufunza kuepuka kubwa.

4. Malizia kwa swali, kisha nyamaza. Usihubiri. Ukimjibia, umemnyang'anya kazi yake.

5. Kila mtu apate siku yake ya kusimulia, hata kijana aliyeingia juzi. Macho yake bado hayajazoea hatari.

Nyumbani, chakula cha jioni kinatosha kuwa ekyaghanda yenu. Mama asimulie habari ya chandarua kilichotoboka, baba ile ya chupa ya pili ya kanyanga na zamu ya asubuhi. Watoto nao waulizwe: leo mmeona nini?

Lakini, ndugu, kisa hakishiki mtarimbo. Kinakuacha mbele ya dari, wewe na swali lako. Kesho asubuhi, kabla ya kushuka, jiulize: wenzangu wakisimulia kisa cha leo, mimi nitakuwa msimulizi, au nitakuwa yule anayesimuliwa?