Usawa nao una asili yake

Mwaka 1753 chuo cha wanazuoni cha Dijon, Ufaransa, kilitangaza shindano la insha: kutokuwa sawa kwa wanadamu kulitokana na nini, na je, sheria ya maumbile inakuhalalisha? Jean-Jacques Rousseau, aliyekuwa ameshinda shindano la chuo hichohicho mwaka 1750, safari hii alikosa tuzo, lakini insha yake ilichapishwa mwaka 1755 na ndiyo inayosomwa hadi leo. Alitenganisha tofauti za maumbile, kama umri, nguvu na afya, na zile zinazosimama kwa watu kukubaliana, yaani utajiri, cheo na amri. Hizi za pili, alisema, mwanadamu wa mwanzo hakuwa nazo. Ziliingia pale ufuaji wa chuma na kilimo vilipomfanya mtu amtegemee mwenziwe na ardhi ikawekewa mipaka. Kisha matajiri wakawashawishi maskini wakubali sheria za kulinda mali ambayo maskini wenyewe hawakuwa nayo.

Simulizi hii imetuzoesha kuuliza swali moja tu, kwamba matabaka yalianza lini. Nadhani swali limeelekezwa kusiko. Linachukulia kuwa usawa ni hali ya watu kuachwa kama walivyo, isiyohitaji maelezo yoyote. Ushahidi unaonyesha vingine: usawa ni kazi, na hulindwa kila siku kwa mila zenye makali. Cha kuelezwa ni namna ulinzi huo ulivyovunjika.

Mfano uliochunguzwa kwa kina uko Tanzania, kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliuchambua katika makala ya mwaka 1982. Mnyama mkubwa akiangushwa, nyama hugawiwa kambi nzima, na aliyemuua hawezi kuitumia kujitafutia wafuasi. Asiyeelewana na wenzake hubeba vyake akahamia kambi nyingine bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa kuwa kila mwanamume ana upinde na mishale, mbabe anajua kwamba hata mnyonge anaweza kumvizia porini. Na kuna kamari yao, lukucuko: vipande vya magome ya mti hurushwa, na namna vinavyoanguka ndiyo humtoa mshindi. Dau huwa visu, shanga, nguo, mishale yenye ncha za chuma. Upinde, mishale isiyo na sumu na mfuko wa ngozi, vitu ambavyo kila mwanamume hujitengenezea, haviwekwi. Anayeshinda hubanwa aendelee kucheza mpaka bahati imgeuke. Kwingine kamari hufilisi watu. Huku inamzuia mtu asirundike mali, tena bila yeyote kuomba wala kushukuru.

Atatokea wa kusema kwamba Wahadzabe si mabaki ya zama za mawe. Ni kweli, chuma wamekuwa wakikipata kwa majirani, na wana historia yao kama watu wengine. Lakini hoja yangu haiwahitaji wawe picha ya mababu zetu. Yatosha kuwa wanaonyesha usawa ukifanyiwa kazi. Pingamizi zito zaidi ni lile la epeme: baadhi ya sehemu za mnyama mkubwa huliwa faraghani na wanaume waliokubaliwa kundini, wanawake na vijana wakiwekwa kando. Usawa wa Wahadzabe, basi, una mpaka. Nalikubali hilo, na naona linaunga mkono hoja: pale mila ilipoacha mlango wazi, upendeleo umeingia.

Je, jembe ndilo mkosaji? Kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika Kaskazini, Wakwakwaka'wakw na majirani zao hawakuishi kwa kulima nafaka, ila walikuwa na mabwana, watu wa kawaida na watumwa. Samoni walipanda mito kwa msimu, wakavuliwa kwa wingi, wakakaushwa kwa moshi na kuwekwa akiba, na sehemu nzuri za kuvulia zilikuwa na wenyewe. Kwa upande mwingine, Çatalhöyük, Uturuki, maelfu ya watu walilima na kufuga kwa zaidi ya miaka 1,000 katika nyumba zinazokaribiana ukubwa, na wachimbuaji hawajapata kasri. Nafaka waliihifadhi, lakini kila nyumba ilikuwa na vihenge vyake. Akiba peke yake, basi, haizai bwana. Bwana huzaliwa pale riziki ya wengi inapokuwa mikononi mwa wachache na anayeondoka hana pa kwenda kula.

Hapo Rousseau alikuwa karibu na ukweli kuliko katika habari ya chuma na kilimo. Aliona kwamba jamii za sheria zilipoenea kila mahali, haikubaki pembe ya dunia ambamo mtu angeweza kuikimbia nira. Wahadzabe wameiona ardhi yao ikimegwa na mashamba na malisho, na mwaka 2011 wale wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja. Wengi waliisifu kwa kuokoa misitu na wanyama. Kwa kipimo cha makala haya, ilichookoa kwanza ni uwezo wa mtu kubeba vyake na kuhama kambi.