Jiwe Lisilomezwa

Wajukuu zangu, sogeeni kwenye ungo tuchambue maharage. Vijiwe vinne nilivyovikuta humo nimeshavitupa pembeni. Nilipokuwa na umri wenu niliamini kwamba ukimeza kijiwe cha namna hii, kinakwenda kukaa kwenye figo. Sivyo. Ukikimeza, kitapita tumboni na kutoka chooni. Jiwe la figo halimezwi. Mwili wenyewe hulitengeneza, chembe kwa chembe, ndani ya mkojo.

Kijana mmoja hapa Kihanga lilimkuta wakati wa kiangazi, msimu wa kuchuma kahawa. Kutwa nzima alikuwa shambani juani, na tangu kikombe cha chai ya asubuhi hakuweka kitu kinywani. Usiku maumivu yakamshika ubavuni, yakashuka mpaka kinenani. Akilala, hapati nafuu, akisimama, hapati. Alitoka nje akaukumbatia mgomba, jasho likimtiririka, akatapika. Maumivu yakatulia, akadhani amepona. Kidogo tu, yakarudi.

Sababu ni hii. Figo ni mbili, kila moja kama ngumi yako. Kwa siku moja huchuja kutoka kwenye damu maji yapatayo lita 180, yaani madumu 9 yale makubwa ya lita 20, kisha huyarudisha mwilini karibu yote. Kinachobaki, lita 1 au 2, ndio mkojo, nao umebeba chumvichumvi na taka.

Kesho jaribuni jambo hili. Korogeni chumvi kwenye maji mpaka isionekane, mimineni kidogo kwenye sahani, muiache juani. Maji yakikauka mtaona chembe ngumu zinang'aa. Na kwenye figo ni hivyohivyo: usipokunywa maji, mkojo unakuwa mzito, chumvichumvi na taka zile, kama kalisiamu na oksaleti, zinashikana, jiwe linaanza.

Likikaa kwenye figo laweza lisiume kabisa. Taabu ni likiteremka kwenye mrija uendao kibofuni, ambao upana wake ni milimita 3 au 4 tu. Mrija hujikaza kulisukuma, mkojo unazuiliwa nyuma yake, figo inavimba. Ndiyo maana maumivu yale huja, yakapoa, yakaja tena.

Kijana wetu alipelekwa hospitali, akapigwa picha, akapewa dawa ya maumivu. Jiwe lilikuwa dogo, likatoka lenyewe kwa mkojo. Mengi yasiyofika milimita 5 hutoka hivyo. Makubwa madaktari huyavunja au huyatoa. Wala si ugonjwa wa leo. Mwaka 1901 huko El Amrah, Misri, lilipatikana jiwe la kibofu kwenye mabaki ya mvulana aliyezikwa maelfu ya miaka iliyopita.

Wapo wanaosikia neno kalisiamu wakaacha maziwa. Wanakosea! Maziwa yakinywewa pamoja na chakula huikamata oksaleti ya mchicha na karanga humohumo tumboni, isifike kwenye figo. Cha kupunguza ni chumvi, kwa sababu ikizidi, kalisiamu nyingi humwagika kwenye mkojo. Na limau kamulieni kwenye maji yenu ya kunywa: lina sitreti, ambayo huzuia chembe zisishikane.

Lakini kubwa kuliko yote ni maji, na msisubiri kiu. Tazameni mkojo wenu. Ukiwa na rangi kama ya chai ya rangi, mwili unaomba maji. Unatakiwa uwe mweupe kama maji yaliyotiwa limau kidogo.

Na mtu akishikwa na maumivu hayo pamoja na homa, au mkojo ukigoma kutoka, au ukitoka na damu, semeni usiku huohuo, msingoje kukuche. Damu kwenye mkojo yaweza pia kuwa kichocho, na hilo linajulikana kwa kupima, si kwa kukisia hapa nyumbani.

Kesho tunachuma kahawa. Maji yaliyochemshwa yamo kwenye ile sufuria yenye mfuniko. Kila mmoja ajaze chupa yake kabla ya kulala.