Mgeni Alipogeuzwa Adui

Sekenke, juu ya mbuga ya Wembere katika nchi ya Wanyiramba, ndipo Wajerumani walipofungua machimbo ya dhahabu kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Na dhahabu hiyo, dola yao ilipozingirwa na fedha kuadimika, ilipelekwa Tabora mwaka 1916, ikapigwa sarafu za rupia 15, zenye tai upande mmoja, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Septemba ya mwaka ule ule Tabora ikatekwa na Wabelgiji. Baada ya vita Wajerumani walio wengi wakatolewa Tanganyika, mashamba na majumba yao yakanadiwa kwa jina la mali ya adui, wala hawakupata ruhusa ya kurejea hata mwaka 1925.

Septemba 1939, Vita Kuu ya pili ilipoanza, Wajerumani waliorejea wakakusanywa na kutiwa kizuizini. Na Italia ilipotangaza vita tarehe 10 Juni 1940, zamu ikawa ya Waitalia, hata mapadre wa Consolata wa Nyeri, ambao shirika lao lilikuwako Kenya tangu mwaka 1902.

Yafaa msomaji apambanue. Mateka wa vita ni askari aliyetekwa vitani. Mwenye kuzuiliwa ni raia, fundi, mwenye duka ama padre, ambaye hakuna hakimu aliyemsomea shtaka, na hatia yake yote ni taifa alilozaliwa. Mfano ni Felice Benuzzi, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kiitalia huko Ethiopia. Akafungiwa katika kambi ya Nanyuki, na Januari 1943 akatoroka na wenzake wawili kuupanda Mlima Kenya, hawana ramani ila picha ya mlima iliyobandikwa kwenye kopo la nyama, wakasimika bendera juu ya kilele cha Lenana, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe.

Kwingine mambo yalikuwa machungu zaidi. Waitalia wa Uingereza, wapishi na wauza aiskrimu waliokwisha lea watoto wao huko, walipakiwa katika meli Arandora Star kupelekwa Kanada. Tarehe 2 Julai 1940 ikazamishwa na nyambizi ya Kijerumani, na Waitalia zaidi ya 400 wakafa maji. Dola iliyo vitani ina haki ya kujihadhari, sikatai. Lakini kumtia mtu kizuizini pasipo kumchunguza ni dhuluma, na khofu ya watawala haiwezi kuihalalisha.

Huku Iramba athari ya kuzuiliwa kwa Wajerumani ilifika kwa njia nyingine. Walutheri Wamarekani wa misheni ya Augustana, waliokuwa wakifanya kazi miongoni mwa Wanyiramba na Wanyaturu, walitakiwa kuzitunza misheni za Kilutheri za Kijerumani zilizobaki yatima Tanganyika. Na maadamu wao wenyewe walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa namna ile, makanisa na shule za vijijini zilibakia mikononi mwa wachungaji na waalimu Waafrika.