Mjumbe Asiyenyamaza
Sisi wa Kalemie twaijua kolera. Lakini maji yale yote yanatoka wapi? Ndani ya chembe za utumbo mna protini iliyo kama mjumbe: hupokea habari mlangoni, huipeleka ndani, kisha hunyamaza. Sumu ya kolera humzuia asinyamaze. Basi chembe humwaga chumvi na maji bila kukoma. Mtu mzima aweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Lakini mlango mwingine, upitishao sukari pamoja na chumvi, hauharibiki. Kwa hiyo usimnyime mgonjwa maji! Chukua lita 1 iliyochemshwa ikapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Mnyweshe kidogo kidogo, hata njiani kuja hospitali.